Kabla Eda ya Fowsiya Haijaisha

Jumapili, 10 Agosti 1997

Mungu anisamehe, nimesikiliza ya watu. Ukuta wetu ni mmoja, tena wa mabati, na mtu hawezi kuziba masikio siku nzima. Nilikuwa nimetoka kanisani. Sijavua hata koti.

Ugomvi ulianzia kwenye gauni. Gauni la kijani la marehemu Ruweyda, mtoto wa miaka miwili. Tangu surua ilipomchukua mwezi wa Machi, mama yake Fowsiya hulifua kila Jumapili na kulianika kwenye kamba, kana kwamba mwenyewe atalihitaji Jumatatu. Leo mumewe, Abdiwali, alisema sasa yatosha. Apewe Kaaha, dada yake Abdiwali, ambaye ana binti wa umri huo. Fowsiya hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba yeye, baba, hakumtupia mwanawe hata mchanga wa kaburi.

Ni kweli. Abdiwali alikuwa Banissa akinunua mbuzi. Aliporudi, kaburi lilikuwa na siku nne.

Kisha lile neno. Talaka — moja. Alilisema kwa Kisomali, lakini miaka thelathini na sita katika mji huu imenitosha kulielewa. Kaaha alikuja mbio kutoka jikoni: "Warya, nyamaza! Nyamaza!" Alikuwa amechelewa.

Fowsiya ni binti ya Gelle wa Hadado, rafiki yangu tangu enzi nilipokuwa karani wa Idara ya Maji na yeye mlinzi wa kisima cha mashine. Alipomwoza hapa Garissa miaka minne iliyopita alinishika mkono akasema kwamba huku binti yake hana baba, baba ni mimi. Naye Fowsiya huniita adeer, yaani baba mdogo.

Nimekaa na koti langu mwilini hadi jioni. Baba gani!

Jumanne, 12 Agosti 1997

Nimechukua hatua. Naiandika ili nisije nikajisifu mbele za watu.

Kile kijitabu cha misheni, tulichopewa wazee wa kanisa kwa ajili ya kuwashauri wanandoa, bado ninacho. Kinaagiza kwamba hasira ikiwa kali wawili watenganishwe kwa muda, kila mmoja apumue mahali pake. Kisha kila mmoja aandike malalamiko yake kwenye karatasi. Kisha wakutanishwe — mmoja aseme, mwingine anyamaze mpaka zamu yake. Nimekitumia miaka mingi. Baadhi walipatana. Baadhi walihama kanisa.

Nilimkuta Abdiwali kwenye soko la mifugo, amemshika beberu sikio, anabishana na mnunuzi. Nilimwomba radhi kwa kumkatiza. Nikamweleza kwamba ingefaa Fowsiya aende kwa baba yake akapumzike kidogo. Hakunitazama. "Wewe ndiyo mzee wake," alisema. "Fanya ile unaona sawa."

Diriye alikuwa anapakia lori lake kwenda Wajir, na kutoka pale hadi Hadado angepata gari. Nikamwombea Fowsiya nafasi ya mbele, pamoja na bi kizee Ebla, ili pasiwe na maneno.

Fowsiya aliniuliza swali moja. "Adeer, yeye amesema niende?"

Nilimjibu: "Amekubali."

Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu. Kisha akafunga shuka zake. Gauni lilikuwa bado kwenye kamba. Nilimkumbusha. Akaniambia niliache, litakauka.

Jumamosi, 16 Agosti 1997

Upande wa pili kimya. Hakuna kelele, hakuna sufuria inayotupwa. Nimelala vizuri usiku nne mfululizo — naona haya kuandika hivyo. Kijitabu kimefanya kazi yake.

Ijumaa, 22 Agosti 1997

Laiti nisingekwenda posta leo.

Maalim Noordin alinisimamisha barabarani, ametoka kwenye sala. Tunaheshimiana, aliwahi kuja kumzika mke wangu ingawa ibada haikuwa yake. Alinishika kiwiko kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Mzee Komora, kwa heshima yako. Nani alikutuma?"

Nikamweleza juu ya kijitabu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa mtaa huu analijua, nami nimeishi nao miaka thelathini na sita bila kuuliza. Mwanamke aliyepewa talaka moja hatoki. Anakaa eda yake, miezi kama mitatu, ndani ya nyumba ya mumewe huyo huyo. Mume anamlisha. Wanapishana mlangoni. Asubuhi anasikia anavyokohoa, jioni ananusa anachopika. Na siku yoyote kabla eda haijaisha, mume akisema amemrejea, basi amemrejea. Hakuna mahari mpya, hakuna harusi. Wengi hurudiana kabla ya mwezi kwisha, alisema, na hata majirani hawajui.

"Sisi dawa yetu iko ndani ya nyumba, mzee. Wewe umetoa dawa, umeiweka kwa lori, umepeleka Hadado."

Nilimwomba radhi. Akasema si yeye wa kuombwa.

Lile swali la Fowsiya! Sasa nalielewa. Alikuwa ananiuliza kama mumewe amemfukuza. Nami, kwa adabu zangu zote, nikamjibu ndiyo.

Alhamisi, 18 Septemba 1997

Diriye amerudi na barua ya Gelle. Ameandikiwa na mwalimu wa shule, lakini maneno ni yake, nayasikia. Hakuna salamu. Gelle, ambaye humsalimu hata punda wa mtu kabla hajauliza bei!

Anasema alinipa mtoto nikamrudishia mzigo. Anasema mume angekuwa na haja angemfuata, na wazee wake wangekuja na haali, ile zawadi ya kuomba msamaha ambayo kwao haikosekani. Hakuja mtu. Anasema yuko mwenye ngamia wengi upande wa Wajir aliyeuliza kwa heshima kwamba eda ya binti itaisha lini. Yeye Gelle hakumfukuza.

Nilimuuliza Diriye kama Fowsiya mwenyewe ametuma neno. Akajikuna kichwa. "Ameuliza kitu ya kushangaza, mzee. Ati ile gauni bado iko kwa kamba?"

Liko. Hakuna aliyeligusa.

Jumanne, 7 Oktoba 1997

Nimekwenda kwa Abdiwali mara ya tano. Mara nne zilizopita alikuwa na wageni, au na miraa, au na vyote viwili. Leo alikuwa peke yake na miraa yake.

Nilimwomba msamaha kwanza. Akasema, "Mzee, si wewe ulitamka." Basi, nikapata moyo, nikamtolea karatasi na kalamu, nikamsihi aandike yaliyomkera. Niliona aibu, lakini sikuwa na kifaa kingine.

Alicheka mpaka jani likamtoka mdomoni. "Mzee wangu, unataka niandike kompo? Nilimaliza Form Four zamani!"

Kisha akaacha kucheka. Akasema haandiki kwa sababu ni jambo moja tu, halihitaji karatasi. Kila akimtazama Fowsiya machoni anaona zile siku nne. Yeye hasemi kitu, Fowsiya hasemi kitu, na gauni linakauka. Mtu anaweza kuishi na mke mwenye kelele, alisema. Na huyu ataishi naye vipi?

Nilimuuliza kama amewahi kumwomba amsimulie siku ile. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nimuulize mtoto wangu alikufa namna gani? Mimi?"

Nikaaga. Nilikuwa na la kumwambia, ila sikulisema.

Alhamisi, 23 Oktoba 1997

Mvua! Imekuja adhuhuri, ghafla, matone kama changarawe. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona Abdiwali akitoka mbio bila viatu — nilidhani anakimbilia ngozi zake zilizoanikwa. Alizipita. Alikwenda kwenye kamba, akalitoa gauni, akaliingiza ndani ya shati lake, juu ya ngozi ya kifua, akarudi ndani akiwa ameinama.

Niligeuza uso. Nilijifanya natazama mawingu.

Mvua ilipokatika alilianika tena mahali pale pale. Alilibana kwa vibanio viwili.

Jumatano, 5 Novemba 1997

Mvua haijakatika siku tisa. Wanaofika kutoka kaskazini wanasema hawajawahi kuona. Diriye ameliacha lori lake limezama hadi kwenye mlango, akatembea siku mbili na utingo wake. "Barabara hakuna, mzee. Iko bahari."

Jioni Abdiwali alibisha kwangu. Ni yeye aliyekuja! Nilimpa kiti cha marehemu mke wangu Rahel. Sina kingine kizima. Alikuwa na Kaaha. Dada yake alikuwa anahesabu kwa vidole, ile hesabu ya wanawake ambayo naomba radhi kuitaja, akasema eda imebakiza siku chache, labda nne, labda wiki. Mwenye kujua kamili ni Fowsiya mwenyewe.

Abdiwali anataka kumrejea. Alilisema akitazama sakafu. Alikwisha kwenda kwa Maalim, naye kamwambia ni rahisi, alitamke mbele ya Waislamu wawili wenye akili timamu, limekwisha, hata mke akiwa mbali. Nilijitolea kuwa shahidi. Kaaha alifunika mdomo kwa shela. Abdiwali akaniambia kwa upole, "Samahani, adeer, wewe hutoshi." Aliniita adeer. Sikuhisi uchungu hata kidogo.

Lakini nilisema — na sijui nilipata wapi ujasiri — je, Fowsiya ataambiwa na nani? Njia zimekatika. Eda itaisha Hadado bila mtu kule kujua kwamba limesemwa neno Garissa. Gelle atafanya anachofanya baba.

Kaaha akasema iko taar.

Taar ni chumba cha redio karibu na soko. Mtu analipa, Abdiwahid mwenye chumba anaita miji kwa mashine yake, na aliye upande wa pili anaitwa kutoka nyumbani kwake. Tatizo ni kwamba masafa ni ya wote. Anachosema mtu Garissa kinasikika Wajir, Mandera, kila duka lenye mashine, na watu hukaa mabenchini kusikiliza habari za wenzao kama taarifa ya saa moja. Abdiwali alisimama. "Niombe msamaha mbele ya kaskazini nzima? Mpaka Banissa? Wale wauza mbuzi watanichekaje!"

Kaaha alimwambia: "Talaka ulitoa na mlango wazi. Hukuona haya."

Aliondoka akiwa amekasirika. Mlango wangu umepinda.

Ijumaa, 7 Novemba 1997

Leo nimemwambia. Nilimfuata sokoni — matope hadi magotini, wanyama hakuna, wachuuzi wamejikunyata. Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na hapa naliandika mara ya kwanza.

Mwanetu Danieli alifariki mwaka 1963, ana miaka minne. Homa. Nilikuwa Bura tukipima visima. Nilifika siku mbili baada ya maziko. Rahel alikuwa ameketi kitandani, amenitazama, anasubiri. Nami nilimuuliza kama paa linavuja.

Ndivyo nilivyomuuliza.

Niliogopa. Nilidhani nikimuuliza habari za mtoto nitamwumiza, na kwamba ni ustaarabu kunyamaza. Alisubiri. Nadhani alisubiri kama mwaka mmoja. Baadaye hakusubiri tena. Tuliishi pamoja miaka ishirini na saba, hatukugombana hata siku moja, watu kanisani walitutolea mfano. Alipokufa nilitambua kwamba sijui mwanangu alisema nini mara ya mwisho, wala kama alisema. Aliyejua amekwenda nalo.

Abdiwali alinishika mkono kunivusha kwenye dimbwi. Tulipofika upande wa pili akasema, "Twende kwa Abdiwahid."

Mashine ilikuwa imekufa. Hakuna jua, paneli hazichaji.

Jumapili, 9 Novemba 1997

Sikwenda kanisani. Nasikitika. Abdiwahid amepata betri ya gari. Tuliita Hadado kutwa. Saa tisa wakaitika. Gelle alikuja mwenyewe. Alikataa kuzungumza na Abdiwali. Alimpa Abdiwahid ujumbe, na Abdiwahid aliurudia kwa sauti ya kutangaza kifo: kwamba zimebaki siku mbili. Kwamba Jumanne saa nne asubuhi atamleta binti yake kwenye mashine. Kwamba neno linalosemwa Garissa yeye halijui, mtu yeyote anaweza kudai lilisemwa; atalikubali tu lile ambalo Fowsiya atalisikia kwa masikio yake kabla ya magharibi ya siku hiyo. Magharibi ikishapita, mlango umefungwa.

"Ova," alisema Abdiwahid.

Kwa kuwa leo nimeielewa mashine hii, naeleza. Anayesema anabonyeza kitufe. Akimaliza anasema ova, anaachilia. Aliyebonyeza hasikii. Wawili hawawezi kusema kwa pamoja. Nilikumbuka kijitabu cha misheni, nikaona haya kutabasamu.

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Mvua. Betri inawekwa akiba. Abdiwahid amefukuza wateja wote, hata mwenye habari ya msiba. Abdiwali amenyoa ndevu. Namsikia upande wa pili akirudia sentensi moja, tena na tena, anavyofanya mtoto wa shule kabla ya mtihani: nimekurejea, nimekurejea.

Jumanne, 11 Novemba 1997. Ndani ya taar

Naandika juu ya goti. Mwandiko utasamehewa.

Tuko hapa tangu saa mbili. Mashahidi ni Maalim Noordin na Diriye. Mabenchi yamejaa, Abdiwahid alijaribu kuwatoa, wakagoma. Bi kizee Ebla ameniambia, "Mimi nilikaa na yeye ndani ya lori, nina haki."

Saa nne na dakika kumi Hadado waliitika. Kwanza Gelle. Hakunisalimu. Akasema binti yuko hapa, betri yetu ni nzima, yenu mnaijua wenyewe.

Kisha Fowsiya. Aliwasalimu wote waliopo, kama anavyotakiwa mtu mwenye adabu. Kisha akauliza kama adeer yuko. Abdiwahid akanitia mashine mkononi. Nilisema: binti yangu, nilikujibu vibaya siku ile, hakukufukuza, ni mimi, nisamehe. Nilisema haraka na sikumbuki kama kwa Kiswahili au Kisomali. Nikakaa nikisubiri jibu. "Mzee, achilia kitufe! Achilia!" Watu walicheka. Nilipoachilia palikuwa na mvumo tu. Kama alinijibu, sikusikia.

Abdiwali akachukua. Maalim alimpa ishara kwa kichwa. Diriye akavua kofia, akaivaa tena. Abdiwali alibonyeza, tukasikia mvua. Sote tulikuwa tukiingoja ile sentensi.

Hakuisema. Alisema hivi: "Fowsiya. Siku ile. Mimi sikuweko. Nieleze yote, tangu asubuhi. Ova."

Akaachilia.

Tasbihi ya Ebla imesimama. Mvumo, mvumo — nikadhani wametupotea. Halafu sauti yake, ndogo, ya karibu sana, kama imo ndani ya kisanduku.

Anaeleza. Sitaandika anayoyasema. Ni ya watu wawili, ingawa kaskazini nzima inasikia. Nitaandika moja tu, kwamba lile la kijani ndilo alilokuwa amevaa.

Abdiwahid ameinua vidole vitatu. Betri. Dakika tatu, labda.

Maalim amemwinamia Abdiwali: "Kijana, sema neno kwanza. Mkatize, sema neno, mengine baadaye." Abdiwali ametikisa kichwa. Akibonyeza, hatamsikia. Fowsiya hajasema ova. Amefika adhuhuri ya siku ile, bado jioni.

Mvua imezidi kwenye mabati. Abdiwali ameweka sikio kwenye kisanduku cha mashine, macho yamefungwa. Machozi yanaingia kwenye ndevu ambazo hana tena. Kidole gumba kiko juu ya kitufe. Hakibonyezi.

Vidole viwili.

Maalim amesimama. Anatazama saa yake, ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kusema kitu. Sisemi. Mungu anisamehe kama nakosea mara ya pili.

Taa ya mashine imekuwa nyekundu. Bado anaeleza. Bado anamsikiliza. Abdiwahid ameinua kidole kimoja